Kando ya Chokaa

Mkeo anaujua uso wako, Chaurembo.
Mimi naujua mgongo:
kumi na moja iliyoshonwa na fundi wa Tandika,
ile moja ya pili ikiinama kidogo
kama mtu anayesikiliza umbeya.
Misimu tisa niliufukuza mgongo huo,
mazoezini tukiwa timu moja,
kwenye ndondo tukiwa mahasimu,
na kote huko vumbi lako nililila mimi.

Tobo la kwanza ulinipiga Mwembe Yanga,
mbele ya shemeji zangu wote.
Hukucheka. Hilo ndilo lililoniuma.
Uliinama tu, ukakaza kamba
za njumu za kuazima
zenye soksi mbili ndani zisikuvuke.

Wafungaji wana wa kuwahesabia.
Winga wa daraja la pili anahesabiwa na nani?
Krosi iliyopita juu ya vichwa vitatu
ikatoka upande wa pili, ikavunja chupa za muuza juisi,
iko kwenye daftari gani?
Basi acha niseme mimi, beki,
niliyekuwa karibu kuliko wote
na bado sikukufikia.

Msimu wa kwanza: nauli na soda.
Wa pili: nauli.
Wa tatu tulilala darasani, Songea, juu ya madawati,
ubaoni mwalimu kaacha hesabu za kugawanya;
hukupata usingizi mpaka umezimaliza.
Kesho yake tulifungwa nne.

Kisha timu kubwa ikakuita.
Keko tulichangishana tukakodi televisheni,
bibi yako akaletewa kiti chenye mto.
Uliingia dakika ya themanini na nane.
Mpira uliugusa mara mbili,
moja ilikuwa ya kurusha.
"Ndiyo basi?" akauliza bibi,
na sisi sote ghafla
tukawa tunatafuta rimoti.

Goti lilikuja baadaye, kwa beki mmoja wa Kigogo
ambaye hata kadi hakuonyeshwa.
Barafu tulinunua Feri, ile ya kulazia vibua,
ukaifungia kwenye kanga ya mkeo;
nyumba ikanuka samaki mpaka Ramadhani.
Wa saba siukumbuki.
Wa nane uliaga unakwenda Omani kucheza,
nikakukuta Kibaha, unapakia matofali,
ukaniambia viza inashughulikiwa.
Nikasema inshallah.
Wa tisa tulishuka daraja, mimi na wewe, kwenye mvua,
mwamuzi akitazama saa kuliko mpira.

Wenzetu walihamia katikati ya maisha.
Huyu kocha, yule diwani,
Dihenga anauza viwanja ambavyo vimeshauzwa.
Wewe nikakupoteza.

Mpaka Jumapili iliyopita, uwanja wa Kinesi,
nimempeleka mwanangu na mtungi wa maji.
Mshika kibendera alikuwa anakimbia kiubavu
kando ya chokaa, kaptura nyeusi, soksi zimepandishwa.
Uso sikuuona.
Goti la kushoto lilikuwa linavuta,
na mgongo ule, sasa hauna namba,
nikaufuata kwa macho kutoka kona hadi kona,
miguu yangu ikiniwasha.

Kipindi cha pili kijana wangu akachomoka,
mbele yake kipa tu na nyavu zilizotoboka,
na kibendera kikapanda.
Nilitukana. Sikubagua tusi, nilitukana na ukoo.
Lakini nilikuwa nimeona, Chaurembo:
aliotea kwa upana wa kiganja.

Kipenga cha mwisho ukaja, jasho mpaka nyusi,
kibendera umekikunja kwapani kama gazeti.
"Beki, matusi yako hayajazeeka."
Nikakuuliza kama wamekulipa.
"Nauli."
Na soda?
Ukageuka ukautazama uwanja,
watoto wakichomoa vijiti vya kona,
chokaa imeshafutika kwa nyayo.
"Soda wamesema Jumapili ijayo."